Vipele vya Mtoto Mmoja na Grupu la Wazazi: Mlipuko Ukizuka, Shule Iseme Nini, na Lini?

Jumatatu ya tarehe 10 Machi 2025, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba watu wawili nchini Tanzania wamethibitika kuwa na Mpox. Siku tatu baadaye mpwa wangu, anayesoma darasa la pili hapa Dar es Salaam, akaamka na homa na malengelenge kifuani. Dada yangu hakufanya jambo lolote la ajabu. Alimbakiza nyumbani, akampigia simu mwalimu wa darasa, akampeleka zahanati. Ndiyo mambo yaleyale matatu ambayo kila tangazo la afya linatuomba tufanye.

Kabla ya saa sita mchana grupu la WhatsApp la wazazi lilikuwa linachemka. Mmoja alishaandika jina la mtoto. Mwingine akatuma picha ya mgonjwa asiyejulikana ni wa wapi. Wa tatu akaja na ujumbe wa sauti wa dakika nne: shule inaficha, watoto watano wamelazwa, wenu wapelekeni kwa bibi zao. Na shule yenyewe? Kimya. Kimya cha siku tano. Mtaani, muuza duka akaanza kupokea hela ya dada kwa ncha za vidole.

Majibu ya sampuli yakatoka: tetekuwanga. Tukashusha pumzi. Lakini wiki mbili baadaye mama mmoja alimvuta dada pembeni. "Dada'angu, nisamehe," alimwambia. "Wa kwangu naye alikuwa navyo. Nilimvalisha shati la mikono mirefu nikampeleka shule hivyohivyo. Kwa nilivyoona walivyokufanyia wewe, ningesemaje?"

Ingekuwa Mpox kweli, lile shati la mikono mirefu lingeuingiza ugonjwa darasani bila mtu kujua. Na kosa hilo simtupii yule mama. Mazingira ndiyo yaliyomfundisha kwamba anayesema ukweli huadhibiwa. Makala hii inajaribu kueleza, kwa sayansi ya kawaida tu, kwa nini taarifa ya mapema na ya kweli kutoka shuleni ni kinga kama zilivyo sabuni na maji.

Kirusi kinataka muda tu

Kirusi hakina miguu wala mbawa. Kinachokihamisha kutoka mtu hadi mtu ni sisi wenyewe, katika ule muda ambao mgonjwa anaambukiza na bado yuko katikati ya watu. Muda huo ukiwa mrefu, mlipuko unakua. Ukiwa mfupi, unazimika.

Tufanye hesabu ndogo. Namba hizi ni za mfano tu, si za ugonjwa wowote. Chukulia kwamba mtoto mgonjwa, kwa kila siku mbili anazokaa na wenzake, humwambukiza mmoja. Akikaa nao siku nne kabla hajatengwa, ataambukiza wawili. Wale wawili wataambukiza wanne, wanne wanane, wanane kumi na sita. Sasa chukulia mzazi anatoa taarifa mapema, na mtoto anatengwa baada ya siku moja tu. Hapo kila mgonjwa anaambukiza nusu mtu, yaani kila wagonjwa wawili wanaacha mmoja nyuma yao. Ukianza na wagonjwa kumi na sita, watafuata wanane, kisha wanne, kisha wawili, kisha mmoja, na hadithi imeisha.

Kirusi ni kilekile, darasa ni lilelile, na hakuna dawa mpya iliyogunduliwa. Kilichobadilika ni siku tatu. Na kwa mtoto wa shule, siku hizo tatu haziamuliwi na daktari. Zinaamuliwa na mzazi asubuhi, akiwa amekaa kitandani anaangalia vipele vya mwanawe, anawaza: nikisema, itakuwaje?

Kwa hiyo unyanyapaa si suala la adabu peke yake. Unaingia moja kwa moja kwenye ile hesabu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lililiona hilo mwaka 2022, lilipopendekeza jina la "homa ya nyani" liachwe, litumike "Mpox". Jina la zamani lilikuwa likiwapaka watu matope. Tena lilipotosha: liliwekwa kwa sababu kirusi kiligunduliwa kwa nyani wa maabara huko Copenhagen, Denmark, mwaka 1958, ingawa wanyama wanaoshukiwa zaidi kukihifadhi porini ni wadogo, jamii ya panya na kuchakulo.

Maswali matatu kwa kila kirusi kipya

Wazazi wengi huchanganyikiwa kwa sababu kila mlipuko unakuja na masharti yake. Wakati wa korona tuliambiwa barakoa na umbali. Marburg ilipozuka Kagera tukaambiwa tusiguse wagonjwa wala maiti. Mpox ikaja na habari za mashuka na taulo. Mtu anaweza kudhani wataalamu wanabahatisha. Hawabahatishi. Wanajibu maswali matatu, na kila kirusi kina majibu yake:

1. Kinapita wapi kutoka mtu hadi mtu?
2. Mtu anaanza kuambukiza lini: kabla ya dalili, au baada?
3. Tangu kuambukizwa hadi dalili ya kwanza, hupita siku ngapi?

Tuanze na korona. Inapita kwenye hewa tunayopumua. Mtu anaweza kuambukiza siku kama mbili kabla hajahisi chochote. Hapo kumpima mtoto joto getini hakutoshi, maana anayeambukiza anaweza kuwa anacheza mpira, mzima kabisa. Ndiyo maana sote tulivaa barakoa, wagonjwa na wasio wagonjwa, na madirisha yakafunguliwa.

Marburg ni kinyume chake. Ilitangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023, na mlipuko ulipotangazwa kuisha tarehe 2 Juni walikuwa wameugua watu tisa, sita kati yao wamefariki. Januari 2025 ikazuka tena mkoani humohumo, safari hii Biharamulo. Ni ugonjwa mkali, lakini kirusi chake, kama cha Ebola, hupita kwenye damu na majimaji ya mwili ya mtu aliyekwisha kuugua au kufariki. Asiye na dalili haambukizi. Hebu irudie sentensi hiyo, kwa sababu ina maana kubwa shuleni: mtoto aliyefiwa na mjomba wake kwa Marburg, naye hana homa wala dalili yoyote, leo hii hamwambukizi mwenzake wa dawati.

Sasa kwa nini anafuatiliwa siku 21? Kwa sababu ya swali la tatu. Dalili zinaweza kuchukua siku mbili hadi 21 kujitokeza. Anapimwa joto kila siku ili homa ikianza ijulikane siku hiyohiyo, kabla hajawa hatari kwa yeyote. Siku ya 22 ikifika salama, mtoto yule hana tofauti na wenzake, na anayeendelea kumkwepa anaikwepa hofu yake mwenyewe.

Mpox iko katikati. Inapita hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa kukaa uso kwa uso kwa karibu, na kwa vitu vilivyogusa vidonda: shuka, taulo, nguo. Dalili hutokea ndani ya siku 21: homa, maumivu ya kichwa na misuli, mitoki, kisha vipele vinavyogeuka malengelenge, usaha na mwisho magamba. Mgonjwa anaweza kuambukiza tangu dalili zinapoanza mpaka magamba yote yadondoke na ngozi mpya iote, yaani wiki mbili hadi nne. Kuna ushahidi pia kwamba baadhi ya watu huanza siku chache kabla ya dalili. Kwa shule ya kutwa, jambo la kuangalia ni ngozi ya mtoto. Kwa shule ya bweni, ongeza blanketi, taulo na nguo za kuazimana.

Watoto wana sababu ya ziada ya kuangaliwa. Kirusi cha Mpox ni ndugu wa kirusi cha ndui, na chanjo ya ndui huwapa watu kinga kiasi dhidi ya Mpox pia. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, chanjo zikasimamishwa. Bibi mwenye kovu la chanjo begani anaweza kuwa na kinga ambayo mjukuu wake hana. Mgonjwa wa kwanza wa Mpox kutambuliwa duniani, mwaka 1970 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alikuwa mtoto wa miezi tisa.

Je, si ni tetekuwanga tu?

Hilo ndilo swali lililomsumbua dada yangu. Licha ya kufanana kwa macho, virusi hivi viwili havina undugu: cha tetekuwanga ni cha ukoo mwingine kabisa. Kwa kawaida vipele vya tetekuwanga huwasha sana, hujaa zaidi kifuani na mgongoni, na hutoka kwa mafungu, hivyo sehemu moja ya mwili utakuta kipele kipya, lengelenge na gamba kwa pamoja. Vya Mpox mara nyingi hukomaa pamoja, hutokea usoni, hata viganjani na kwenye nyayo, na mgonjwa huvimba mitoki shingoni au kinenani.

Nimesema "kwa kawaida" na "mara nyingi" kwa makusudi. Hata daktari mzoefu anaweza kudanganyika kwa macho, na mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja. Jibu la uhakika linatoka maabara, ambako sampuli iliyofutwa kwenye kidonda hutafutwa vinasaba vya kirusi. Picha iliyotumwa WhatsApp haiwezi kufanya kazi hiyo, hata aliyeituma awe nani.

Somo la Uganda

Tarehe 20 Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan, ulioanzia Mubende. Aina hiyo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Ugonjwa ukafika Kampala, na ukaingia shuleni: mapema Novemba serikali ilisema kesi 23 zimethibitishwa miongoni mwa wanafunzi, na wanane kati yao wamefariki. Ikaamuliwa shule zifungwe tarehe 25 Novemba, wiki mbili kabla ya muda wake.

Uamuzi huo ulikuwa mgumu pande zote mbili. Shuleni watoto wamebanana kutwa nzima. Lakini kufunga shule ni kusambaza watoto nchi nzima kwa mabasi, wengine wakitoka eneo lenye ugonjwa. Isitoshe, Waganda walikuwa na kidonda kibichi: shule zao zilikuwa zimefungwa, zote au sehemu, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022 kwa sababu ya korona, na wako watoto ambao hawakurudi tena darasani. Mlipuko ule ulitangazwa kuisha tarehe 11 Januari 2023.

Afrika Magharibi nako kuna la kujifunza. Katika ule mlipuko mkubwa wa Ebola, Guinea, Liberia na Sierra Leone zilifungua shule mwaka 2015 kabla ugonjwa haujaisha. Hawakufungua tu milango. Waliweka ndoo za maji na sabuni getini, vipima joto na walimu waliofundishwa cha kufanya mtoto akionekana na homa. Maana yake ni kwamba kati ya kufunga na kupuuza kuna njia ya katikati. Ila njia hiyo inahitaji mzazi anayeamini anachoambiwa na shule, na shule inayoamini kwamba mzazi hataificha homa.

Sasa shule iseme nini?

Kwanza tuweke mipaka. Kutangaza mlipuko ni kazi ya Wizara ya Afya. Mwalimu mkuu hana ruhusa wala ujuzi wa kusema "tuna Mpox". Kazi yake ni kutoa taarifa kituo cha afya mara moja, na kuwaambia wazazi kile kilichotokea shuleni kwake. Shule nyingi zinachanganya mambo haya mawili. Kwa kuwa haziruhusiwi kutaja ugonjwa, zinanyamaza kabisa. Na pengo la taarifa halikai wazi. Ujumbe wa sauti wa dakika nne unakuja kuliziba.

Ujumbe mzuri haumalizi nusu ukurasa. Kwa mfano:

*"Wazazi na walezi, habari za asubuhi. Jana mtoto mmoja wa shule yetu alionekana na homa na vipele. Amepelekwa kituo cha afya na vipimo vimechukuliwa. Bado haijajulikana ni ugonjwa gani. Wakati tunasubiri, darasa lake limesafishwa na kila mtoto ananawa mikono anapoingia. Tunaomba umwangalie mwanao ngozi na joto kila asubuhi. Akiwa na homa au vipele, abaki nyumbani, utupigie simu. Hatapoteza nafasi yake wala hatafukuzwa. Jina la mtoto anayeugua hatutalitaja, nanyi tunaomba msilitafute. Tutawaandikia tena leo saa 12 jioni, hata kama majibu hayajatoka."*

Angalia vitu vinne humo ndani. Umesema kinachojulikana. Umekiri kisichojulikana, na hilo halipunguzi imani ya mzazi. Kinachoipunguza ni kusema "hakuna tatizo" Jumatatu, kisha tatizo lionekane Jumatano. Umempa mzazi kazi ya kufanya, maana hofu isiyo na kazi huishia kwenye uvumi. Na umetaja saa ya ujumbe unaofuata. Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Mzazi anayejua atapata taarifa saa 12 ana sababu ya kungoja badala ya kusambaza alichokiokota.

Kuna jambo la tano ambalo ujumbe peke yake hauwezi kulitatua: riziki. Mama lishe akiambiwa mtoto akae nyumbani wiki tatu, amesikia "usiuze wiki tatu". Shule inayotaka ukweli kutoka kwake impelekee mtoto daftari la kazi za darasani, isimdai faini ya utoro, na wazazi wenzake wafike mlangoni na unga na sabuni badala ya maswali. Kujitenga bila msaada ni gharama anayobeba mtu mmoja kwa faida ya wote.

Na nyumbani je?

Haya hayahitaji hela nyingi:

- Sabuni. Korona, Marburg, Ebola na Mpox vyote vimefunikwa na ganda la mafuta. Sabuni inalivunja ganda hilo kama inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Sabuni ya mche inatosha, mradi mikono isuguliwe vizuri kwa sekunde 20 au zaidi, hadi katikati ya vidole.
- Ukaguzi wa asubuhi. Wakati wa kuvaa sare, tazama uso, kifua, viganja na nyayo. Gusa shingo. Ukiwa na kipima joto, nyuzi 38 au zaidi, mtoto habaki darasani.
- Homa. Paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito wake. Usimpe mtoto aspirini. Kwa watoto wenye maambukizi kama tetekuwanga au mafua inaweza kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo.
- Matandiko ya mgonjwa wa vipele. Yasikung'utwe, maana magamba makavu hubeba kirusi. Yakunjwe taratibu, yafuliwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni, yaanikwe juani. Anayefua avae glavu, na anawe mikono akimaliza.
- Sakafu na vitasa. Dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5: kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji safi. Ni ya vitu, si ya kumwogesha mtoto. Usiichanganye na dawa nyingine ya usafi.
- Simu. Tanzania piga 199 bure, Kenya 719. Piga kabla ya kutuma ujumbe kwenye grupu, siyo baada.

Na kwa wewe ambaye simu yako inapokea uvumi kila siku: kabla ya kusambaza, jiulize nani amesema, amesema lini, na anakuomba ufanye nini. Ujumbe usio na tarehe wala msemaji, unaokutaka tu "tuma kwa wote", achia hapohapo. Na ujumbe wenye jina la mtoto, hata ukiwa wa kweli, usiupitishe. Kila jina linalosambazwa linamwambia mzazi mwingine atafute shati la mikono mirefu.

Mpwa wangu alipona. Makovu mawili kwenye paji la uso yamebaki, anayaonyesha kama medali. Shuleni alirudi baada ya wiki mbili, na siku ya kwanza hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja isipokuwa mtoto mmoja tu. Ni yule wa yule mama. Yeye na mama yake tu ndio walikuwa wanajua kwamba ugonjwa ule ulikuwa wao wote wawili.